Siku Seva ya Dar Iliponyamaza

Editha alikuwa mpokea simu wa hospitali ya misheni chini ya milima ya Uluguru, na sauti yake ilijulikana kuliko sura yake. Akina mama walioteremka kutoka milimani kuja kujifungua walimsikia akisalimia ukumbini wakageuka: "Ala! Kumbe wewe ndiye wa kwenye simu!"

Simu zenyewe zilikuwa za intaneti. Hata wodi ikitaka kuongea na maabara ya jirani, simu ilipita kwanza kwenye seva iliyokuwa Dar es Salaam. Seva ikipotea, simu zote ziligeuka vinyago. Masika ya mwaka juzi mtandao ulikatika mchana kutwa. Zahanati ya mlimani, iliyojibanza mahali pasipofika mawimbi ya simu za mkononi, haikuweza kuita. Mama mmoja mwenye uchungu aliteremshwa kwa pikipiki, hospitali haina habari. Alipona, mtoto hakupona. Hakuna aliyemlaumu Editha, lakini yeye aliyeshinda mbele ya simu iliyokufa hakuweza kutia kitu kinywani jioni ile.

Alimweleza Parag, fundi wa mtandao, kijana wa hapo hapo Morogoro ambaye mama yake, Bi Nalini, ana duka la vifaa vya umeme mjini.

"Kaka Parag, antena ya zahanati inatazamana na yetu ya juu ya paa. Hakuna namna ya kuongea nao bila kupitia Dar?"

"Ipo, dada. Kuna mashine ndogo ya akiba inayoshika zamu seva ikipotea. Haitaweza yote, itabeba simu chache tu kwa wakati mmoja. Lakini itaita."

Uongozi ulisita. Parag hakukata tamaa, akaenda na kurudi mpaka wakakubali. Akaifunga hospitalini, kisha akapanda mlima mwenyewe, matope hadi magotini, kuielekeza simu ya zahanati ikimbilie mashine hiyo siku ya shida.

Siku hiyo ilifika masika ya mwaka huu. Asubuhi, mafundi wa barabara walikata mkongo wa intaneti upande wa Ngerengere. Kioo cha simu ya Editha kikazimika, kikawaka tena na maneno mapya: Huduma ya akiba. Hajashusha pumzi, simu ikaita.

"Dada Editha! Cecilia wa zahanati hapa. Mama amejifungua salama, ila damu haikati. Nipe daktari!"

Editha akabonyeza namba ya Daktari Athanas. Njia zimejaa. Akajaribu tena, zimejaa. Wodi zote zilikuwa zikipigiana kuulizana kulikoni.

"Cecilia, usikate," alisema, akauacha mkono wa simu mezani na kukimbilia ukumbini. "Jamani, wekeni simu chini! Kuna mama anatoka damu mlimani!"

Neno lilipokelewa mlango kwa mlango. Mhasibu aliweka simu chini, wa dawa akaweka, wa maabara akaweka. Editha alirudi kitini, akabonyeza. Ikaita.

"Cecilia, nipo nawe," alisema Daktari Athanas. "Sindano ya kuzuia damu umempa?"

"Nimempa, daktari. Tumbo la uzazi bado laini."

"Lisugue, usiache. Gari linakuja, nami sibanduki hapa."

Kwa dereva Ignas, Editha alikwenda kwa miguu, na maabara pia, kuomba damu iandaliwe. Hakuna aliyegusa simu. Aliporudi kitini alimsikia Cecilia simuni akisema huku analia: "Linakaza, daktari! Damu inapungua!"

Gari lilimkuta mama huyo, Shadia, akiwa dhaifu lakini akiuliza mwanawe yuko wapi.

Alipopata nguvu, Shadia alimtafuta Editha na mkungu wa ndizi na fungu la mdalasini. Editha akampitisha wodi kwa wodi, kila aliyeweka simu chini ambebe mtoto. Kisha akamchukua hadi dukani kwa Bi Nalini.

"Shikamoo mama," alisema Shadia.

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Editha alimwita Parag aliyekuwa nyuma akipanga nyaya. "Kaka, huyu ndiye aliyekuwa mlimani siku ile."

Parag alimtazama mama, akamtazama mtoto. "Mimi nilifunga mashine tu, dada," alisema.

"Basi Mungu akuzidishie mashine," Shadia akajibu, na duka zima likacheka.

Bi Nalini alikwisha kumpokea mtoto. Editha alicheka na wenzake, machozi yakimtoka. Alimkumbuka yule mama wa mwaka juzi, akamwombea kimya kimya. Akashukuru kwamba safari hii simu iliita, na kila mtu alisikia.