Mtumbwi Usiowahi Kuvua Samaki

Kiangazi kilichopita mjukuu wangu alinipakia kwenye pikipiki yake, tukashuka kutoka Pinga mpaka mtoni. Nikamwambia asimame. Akauliza, "Tate," maana ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, "hapa iko nini?" Hapakuwa na kitu. Majani, matope, na vijana wawili wanafua suruali zao. Lakini rafiki yangu, miguu yangu ilikataa kuendelea, maana hapo ndipo palikuwa na kivuko cha watu wote, na hapo ndipo nilipomkosa mama.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, vita ya Wazungu imekwisha, mimi ndiyo kwanza nang'oka meno ya utoto. Asubuhi kazi yetu wasichana ilikuwa kuloweka mihogo ukingoni na kusugua sufuria kwa mchanga. Jioni kijiji kizima kinanuka samaki wa kukaushwa na mawese, na kila nyumba unasikia mchi wa kutwanga sombe, majani ya mihogo. Nikisikia mchi ule hata leo, njaa inanishika hata kama nimeshiba.

Mto ulikuwa umekula watu wengi, basi mzungu wa Leta, yaani serikali, akaamuru kijengwe kivuko. Wanaume walichimba ukingo, wakalaza magogo ili mitumbwi ya wavuvi iteremke bila taabu, na pembeni wakafunga kwa kamba mtumbwi mkubwa mpya. Kapita, mnyapara wake, alitukusanya akatangaza: "Huu haiko wa kuvua. Njo wa kuokoa watu. Mwenye atautilia wavu, atakula fimbo." Tukapiga makofi. Lo, tulivyofurahi!

Sasa, kwetu mtumbwi mpya mwanamke haukanyagi mpaka ulete samaki wa kwanza. Ukishaleta, tate anakula kichwa cha samaki yule, basi, yeyote anapanda. Lakini mtumbwi wa Leta ulikatazwa kuvua. Kwa hiyo ungekaa mpya mpaka uoze, na wanawake wasiuguse kamwe. Hakuna aliyeliona jambo hilo, wala mzungu wala sisi. Au waliliona wakanyamaza; fimbo ya kapita haikuwa na mzaha.

Siku moja wanaume wote walikwenda upande wa juu wa mto kuvua, na mitumbwi yao yote. Tulikuwa ukingoni tunaloweka mihogo, mwana wa jirani yetu, mtoto wa rika langu, akateleza kwenye magogo. Maji yakamchukua. Mama yake akapiga yowe, akajitupa chini, akajishika kichwa. Wanawake wote walisimama wanautazama mtumbwi ule. Tate, mama wa baba yangu, alisema polepole, "Musiuguse." Mama yangu alikata kamba kwa kisu cha mihogo, akapanda. Alipiga kasia kama mwanaume. Alimkamata mtoto kwa shingo, akamrudisha anatapika maji, mzima.

Unafikiri walimshukuru? Wanaume waliporudi, wa kwanza kufungua kinywa alikuwa yule yule jirani, mwanawe akiwa bado ameloa mgongoni mwake: "Mimi sikumutuma apande." Msimu ule samaki walipungua. Kila wavu uliorudi mtupu, jina la mama lilitajwa. Tate akamwaga mboga aliyopika mama mbele ya wageni. Baba hakumtetea. Mwishowe mama alirudishwa kwao, ng'ambo ya mto, na mimi nikabaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba.

Kila siku ya soko mama alikuja mpaka ukingo wa pili. Aliita: "Muniletee mutumbwi, jamani! Niko na mutoto huko!" Sauti yake ilikuwa nyembamba, mwishoni inakatika. Kile kivuko cha kuokoa watu kilikuwa pale, mtumbwi wa Leta umefungwa pale, wavuvi wameketi wanashona nyavu, na hakuna aliyeinua kichwa. Tate alinibana mkono: "Usiitike." Mama aliita mpaka jua likawa kali, kisha akaondoka. Hasira ile bado ninayo, sijawasamehe hata kidogo.

Na yule mtoto aliyeokolewa? Alijifunza ile sauti. Alijificha kwenye matete akaita, "Muniletee mutumbwi, jamani!" na ule mkatiko wa mwishoni. Mimi nakimbia mtoni, watoto wanaanguka kwa kicheko. Watu wazima nao walicheka.

Kisha watu wa soko wakaleta habari kwamba homa imemuua mama. Nilifikiri mchezo utaisha. Wapi! Yule mtoto aliendelea kuita. Nilijua ni yeye, na bado nilikimbia. Hata tulipokuwa watu wazima, akishanywa pombe ya ndizi, alikuwa anaita nikipita, nami nilikuwa nasimama njiani na mzigo wangu kichwani, nasikiliza mpaka amalize.

Kivuko kililiwa na maji, mtumbwi ukaoza bila kuonja samaki, kapita na mzungu wake hawapo. Hayo sikuyalilia. Lakini yule mwana wa jirani alipokufa, nilijitupa kaburini pake nikalia mpaka wakaniinua. Mjane wake alinitazama kwa jicho baya, akadhani nilikuwa hawara wa mume wake. Nilimwacha adhani hivyo. Ningemwelezaje kwamba wamemzika pamoja na sauti ya mama yangu?