Karoti Baada ya Msonyo

Kama kuna mwanamke aliyejaliwa kusonya, ni yule mtunza farasi wa shule ya kupanda farasi. Msonyo wake ulikuwa mrefu, wenye mkunjo katikati, na ulisikika kutoka ghala la nyasi hadi ofisini. Watu walimwita Bi Msonyo. Hakukasirika, aliwasonya tu.

Lakini kwa farasi mmoja msonyo huo ulikuja kuwa sifa. Aliitwa Bwana Harusi, kwa miguu yake iliyo myeupe chini kama soksi, na kwa maringo yake. Zamani msumari wa kiatu cha chuma cha kwato ulimchoma, na tangu hapo aliyemgusa mguu alijuta. Farasi asiye na viatu hafanyi kazi, na msimamizi alikwishasema: Ijumaa fundi wa kwato akishindwa tena, farasi anauzwa. Bi Msonyo alimlea tangu siku aliyozaliwa. Aliposikia hayo, hakula siku mbili.

Hata hivyo alikuwa ameshaanza kumfundisha, majuma matano nyuma, tena kwa bahati tu. Alikuwa akifagia banda, farasi akaunusa ufagio. Bi Msonyo akasonya kwa mshangao, akampa kipande cha karoti. Akamnyooshea ufagio tena. Siku ya tatu Bwana Harusi alikuwa akiutafuta ufagio mwenyewe, akiugusa kwa pua na kungoja msonyo. Hapo mama akaelewa: karoti huchelewa kufika mdomoni, ila sauti hufika papo hapo na kumwambia umepatia. Wakatoka kwenye ufagio, wakaingia kwenye kuitikia kwa kichwa, kisha kutoa mguu kama anayesalimia. Hakumpiga, hakumvuta. Akikosea, kimya, akipatia, msonyo na karoti. Mwishowe aliweza kugongagonga kwato zote nne kwa nyundo, na farasi ametulia tuli. Ubaya ni kwamba hakuweza tena kumsonya mtu karibu na banda: farasi alidai karoti yake.

Alhamisi jino likamuuma Bi Msonyo hadi akaona nyota mchana. Ijumaa asubuhi likang'olewa, naye akafika bandani shavu limevimba, mdomo umekufa ganzi, ameshikwa mkono na mke wa mwanawe, mshonaji mpole ambaye kwa miaka minane hakuwahi kuinua sauti mbele ya mama mkwe.

Fundi akainama. Bwana Harusi akatoa mguu, akangoja. Bi Msonyo akakaza midomo. Ikatoka pumzi na mate. Farasi akaupokonya mguu, macho yamemtoka. Fundi akajaribu msonyo wake mwenyewe, mfupi na mkavu. Farasi hakumtazama hata. Msimamizi akaangalia saa.

"Mwanangu," mama akamwambia mkwewe kwa shida, "sonya."

"Mimi, mama? Mbele yako?"

"Sonya nimekwambia! Atauzwa!"

Mguu ukainuliwa tena. Mkwe akafumba macho. Ukatoka msonyo mrefu, wenye mkunjo katikati, ule ule. Bwana Harusi akatulia, masikio mbele, akala karoti yake. Kwenye mguu wa pili mkwe alifumbua macho. Kwenye wa nne alikuwa ameshika kiuno, anasonya kwa raha zake, na fundi anapigilia msumari wa mwisho huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Haendi popote huyu," akasema msimamizi.

Bi Msonyo akalia kwa furaha, uso kwenye shingo ya farasi. Kisha akageuka.

"Na wewe umejifunza wapi hiyo?"

"Jikoni, mama. Kila ukishatoka."

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo mpaka akashika shavu.

Kidonda kilipopona, misonyo ilirudi nyumbani kama kawaida. Ila sasa mama akionja mchuzi na kusonya, mkwe hunyoosha kiganja: "Karoti yangu, mama." Na Bi Msonyo hutia mkono mfukoni, akampa.