Ngozi Haidungwi Pini

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo sitawapamba na maneno. Nitawaeleza kazi ya kuvalisha viti vya magari ngozi, vile tuliifanya hapa Nakuru, na mtu aliyenifanya nikadumu ndani yake.

Siku ya kwanza niliingia karakana moja ya mtaa wa Free Area na leso kiunoni na mkasi wangu wa kushonea sare za shule. Nilikuwa na mtoto mchanga na hakuna baba, na kushona sare kule kwetu Subukia ni kazi ya msimu. Shule zikifunguliwa unakula, baadaye unaangalia ukuta. Mafundi walikuwa wanaume wanne. Mmoja akaniambia, "Siste, hapa hatushoni petikoti."

"Hata hiyo suruali yako ilishonwa na mwanamke," nikamjibu.

Fundi Mkuu, mtu mfupi asiyecheka, aliinuka kwenye cherehani yake. Alinipa wembe akanionyesha kiti. "Fumua. Usirarue."

Kufumua ndiko kazi huanzia. Kava kuukuu imeshikwa kwenye fremu kwa pete za waya. Unazikata kwa koleo ya plaiz, unaivua kava polepole kama anayechuna mbuzi, kisha unafumua kila mshono mpaka ibaki vipande. Kila kipande unakiandika kwa chaki: kulia, kushoto, cha kukalia, cha mgongo. "Hiyo takataka ndiyo ramani," Fundi Mkuu alisema. "Ukiitupa umepotea." Kipande cha zamani unakilaza juu ya ngozi mpya, unazungusha chaki, unaongeza upana wa kidole kwa ajili ya mshono, ndipo unakata. Sindano ni nene na hatua za mshono ni ndefu. Ukishona karibu karibu, ngozi itakatikia hapo hapo kwenye mshono.

Wiki ya tatu akaja mzee mmoja mkulima wa kahawa, wa kwetu Subukia. Gari lake lilikuwa la zamani kabisa, kiti cha dereva kimepasuka mpaka kinafinya suruali. Alikuja na ngozi zake mwenyewe mbili, ameshatengenezewa zikawa laini na nyeusi. Zilikuwa za maksai wake waliomlimia shamba miaka mingi. "Walinivuta wakiwa hai," alisema, "wacha wanibebe sasa." Zilitosha viti vyote, lakini hakukuwa na ya kubaki, na hakuna duka lingeuza nyingine kama hizo.

Nilipewa kipande cha kukalia cha dereva nikiunganishe. Nikafanya nilivyozoea kwa sare: nikakidunga pini kwanza, pembeni na hata katikati, kisiteleze. Nikashona. Nikachomoa pini. Matundu yakabaki yananiangalia, kama ndui.

Kitambaa ukikidunga kinajifunga. Ngozi haijifungi. Ndiyo maana wenzangu walikuwa wanabana kwa vibanio vya kuanikia nguo, na mimi nilidhani ni uvivu.

Nitasema ukweli. Nilichukua rangi ya viatu nikapaka yale matundu mpaka yakapotea, nikarudisha kipande kwa meza. Nilijua mzee akikalia mwaka mmoja, ngozi itararukia hapo. Lakini nilijua pia nikifukuzwa, mtoto wangu atalala na nini tumboni.

Fundi Mkuu alipitisha kidole gumba juu ya kipande, mara moja tu. Kidole kikatoka cheusi.

"Nani amepaka hapa?"

Yule wa petikoti akaangalia viatu vyake.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidunga pini. Halafu nikaficha."

"Kosa la pini ni la ugeni," alisema. "La rangi ni la wizi. Usirudie." Nikangoja aniambie nichukue mkasi wangu niende. Badala yake, mlangoni akatokea yule mzee mwenye ngozi.

Fundi Mkuu akamwendea na kipande mkononi. "Mzee, ngozi yako imeharibikia mikononi mwangu."

"Wewe, na miaka yote hiyo bado unaharibu?"

"Hata leo nimeharibu."

Mzee akaigeuza ile ngozi, akaipapasa. "Huyu ni Kijivu. Hata yeye alinivunjia nira mbili, na sikumchinja kwa hilo. Tafuta njia."

Njia ilikuwa mgongoni mwa kiti cha nyuma, upande unaotazama buti la mizigo, ambapo hakuna mtu huona. Mzee alikubali pale tuweke ngozi bandia, na ngozi ya kweli iliyokuwa iende hapo ikawa kipande kipya cha dereva. Nilikibana kwa vibanio kumi na viwili.

Kile kilichotobolewa Fundi Mkuu alinipa. "Vika stuli yako ya kushonea. Matundu yaangalie juu." Nikakaa juu yake miaka tisa hapo Free Area. Kisha nikaenda na stuli hiyo gereji ya shamba moja la maua upande wa Longonot, nikawa msimamizi wa viti. Huko mwanamke niliyekuwa nikimfundisha alisahau kugeuza ramani, akakata vipande viwili vya kushoto na hakuna cha kulia. Meneja wa Gereji akaja amefura kwa hasira. "Mama, nani amekata hii?"

"Imeharibikia mikononi mwangu," nikasema. Kusema hivyo ni kuzito kuliko nilivyofikiri. Hapo ndipo nilielewa nilibebewa nini, na nikamshukuru Fundi Mkuu kuliko siku ile yenyewe.

Sasa vidole vimekakamaa na nimestaafu. Mtoto yule wa njaa sasa ana watoto wake watatu. Krismasi iliyopita walitaka kunifurahisha, wakaleta ngozi mpya, nyekundu, wavike stuli yangu upya. Niliwashukuru, nikawapa chai. Kisha nikawaambia: hiyo nyekundu vikeni viti vya wageni. Stuli hii hakuna mkono wa kuigusa, na yeyote wa nyumba hii akiharibu kitu cha mtu, aje aikalie kwanza, halafu aende akaseme mwenyewe.