Mjukuu wangu amenilipia safari ya Nyiragongo, nami nimekataa

Admin, jina langu lifiche, mengine yaache kama nilivyoandika.

Leo ni Februari 2016, mwaka wa hamsini na tisa tangu niondoke Gisenyi. Nina miaka sabini na minane, nimefiwa na mke, naishi Kigoma kwa binti yangu. Mjukuu wangu wa kwanza, niliyemlea mwenyewe, ameniandalia zawadi: twende Gisenyi familia nzima, wao wapande mlima wa volkano wa Nyiragongo na mwongozaji, walale kileleni wakitazama moto, mimi niwasubiri hotelini kando ya ziwa Kivu. Amekwisha kulipa. Nimekataa, na sasa humu ndani hatusemeshani.

Mlima ule naujua. Baba yangu alikuwa nyapara wa wapagazi waliowapandisha Wazungu. Tulikaa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, Waislamu wa mjini, na wekundu wa volkano tuliuona juu ya mabati kama watu wengine wanavyoona taa ya jirani. Kabla ya kila safari baba alipita nyumba kwa nyumba. Mama wa mpagazi, au mkewe, alimshika kijana mkono na kuuweka katika mkono wa baba. Wakishuka, baba alimrudisha kila mmoja mlangoni kwa namna ile ile, hata kama miguu yake mwenyewe ilikuwa imechanwa na mawe ya lava. Hakuna ofisi iliyomwagiza. Ndivyo alivyofanya kazi.

Mwaka 1957 nilipanda naye, nimebeba mablanketi. Wageni walilala kibandani, sisi nje, tumebanana kuzunguka kuni tulizopanda nazo mgongoni. Kulipopambazuka mgeni mmoja aliinama ukingoni mwa shimo la moto, kamera ikamponyoka, ikakwama juu ya mwamba uliochomoza huko chini. Akaagiza kamba ya hema ifungwe kiunoni mwa Saidi (si jina lake), aliyekuwa mwepesi kuliko sisi sote, ateremshwe kuifuata. Saidi alikuwa tayari anavua koti, baba alipoishika ile kamba.

"Bwana, huyu nilimupokea kwa mama yake," alisema. "Si we ulinipa. Hauwezi kumutupa."

Mgeni akasema kamera ile ni ya thamani sana.

"Kama iko na thamani vile, shuka we mwenyewe. Mi nitashika kamba."

Kwetu wazee waliamini kwamba roho za watu wabaya huchomwa ndani ya mlima ule. Basi mpagazi mmoja nyuma yangu akasema, polepole lakini tukasikia wote, "Tuiache tu. Itapiga picha ya shemeji yangu." Tulicheka mpaka Saidi naye akacheka. Nadhani mgeni yule angeweza kusahau kamera. Kicheko hakukisahau.

Alishtaki. Baba akaitwa ofisini kwa watawala wa Kizungu na kuambiwa aombe radhi kwenye baraza ya hoteli, mbele ya wapagazi wote, la sivyo kibali cha kuishi mjini kinafutwa, chake na cha familia yake. Mama yake Saidi alikuja kwetu akilia, akamsihi aseme samahani tu, neno moja, alale kwake. Baba alimjibu kwa upole kwamba akilisema, safari ijayo kamba itafungwa na yeye hatakuwa na mdomo wa kukataa.

Tuliondoka na cherehani na magodoro: Goma, Bukavu, Uvira, mwisho hapa. Alishona kanzu za watu mpaka alipofariki. Ziwa hili la Kigoma alililinganisha na Kivu kila siku, na kila siku lilishindwa.

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, waliomfukuza baba yako wote wamekufa. Sasa unamkomoa nani?"

Simkomoi mtu. Naikumbuka harufu ya udongo wa Mbugangari baada ya mvua kuliko ninavyokumbuka nilichokula jana. Lakini baba aliambiwa mji ule una bei, nayo ni neno moja, akakataa kuilipa. Alikufa akiutamani na bado hajailipa. Nikienda leo kama mtalii, nikalala katika hoteli ya ufukwe uleule, nikapigwa picha nikitabasamu mlima ukiwa nyuma yangu, nitakuwa nimekugeuza kukataa kwake kuwa safari iliyochelewa tu. Haikuchelewa. Ilikataliwa, na aliyeikataa alijua anachokipoteza.

Kwa hiyo msinishauri nisamehe. Wala msiniambie mambo yamebadilika, magazeti nasoma. Nisaidieni hili moja: nimwambieje mtoto niliyemlea kwamba kuikataa zawadi yake si kumkataa yeye? Yeye aende. Apande, alale huko juu, namwombea ukungu ufunguke auone moto vizuri.

Mimi Gisenyi sitarudi.