Zahanati Iliyofunguliwa kwa Ngoma Moja

Mektilda binti Magese alikuwa mwanamke wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Ukimsikia toka barabarani ungedhani mle ndani kuna harusi, kumbe ni zahanati. Kwa miaka mingi alikuwa mkunga wa serikali, akizalisha wanawake toka Nkololo hadi Bariadi mjini, mpaka ulipokuja upepo wa kupunguza wafanyakazi nao ukampitia. Wenzake walilia. Yeye alinunua mabati.

Ndiyo ilikuwa ile miaka ya ruksa. Pamba, iliyozoea mnunuzi mmoja tangu enzi, sasa iligombewa na malori ya kila rangi. Mitumba ilifika hadi minadani, na sheria ilishawaruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati. "Kama mtu anaruhusiwa kuuza soda, mimi nitashindwaje kuuza panadol?" alisema Mektilda. Akamchukua Tabibu Paschal, mstaafu mpole asiyeweza kugombana hata na nzi, ashike matibabu. Yeye mwenyewe akashika wazazi na watoto.

Wenye zahanati wote wa wilaya walikuwa na kikao chao kila mwezi. Hapo zilisomwa habari: dawa gani imeadimika, dawa gani bandia imeonekana dukani, wapi watu wanaharisha. Baada ya habari yalifuata maelekezo. Msomaji alikuwa mratibu wa chanjo, Januarius, bwana mwembamba aliyesoma habari za shimo la choo kwa sauti ya padri anayesoma injili. Kwenye kikao kilichotangulia ufunguzi wa Mektilda alisoma hivi: "Mwenye zahanati aitangaze huduma yake kwa njia inayokubalika katika jamii."

"Chema chajiuza," alinong'ona Marcelo, tabibu mwenye zahanati kule Nkololo.

"Na kibaya chajitembeza, najua," akajibu Mektilda. "Lakini changu kitacheza."

Maana Bariadi, njia inayokubalika ni ipi kama si ngoma? Huko wachezaji ni wa pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtu huzaliwa upande wake kama anavyozaliwa kwenye ukoo wake. Baada ya mavuno pande hizo hukutana uwanjani, kila mmoja na ngoma zake, zikipigwa kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda, na wanaoshindwa hutaniwa mpaka mavuno mengine. Sasa Mzee Magese, baba yake Mektilda, alikuwa ndiye manju, kiongozi wa ngoma, wa Bagika. Binti hakuwaza mara mbili. Alimwomba baba, baba akaja na kundi zima, njuga, pembe na mavumbi, na siku ya ufunguzi watu walijaa mpaka uzio wa jirani ukaanguka.

Mektilda alilala akitabasamu. Hakujua kwamba siku hiyo amefungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wilaya ilimwazima jokofu la kutunzia chanjo, lile la kutumia mafuta ya taa, kwa kuwa umeme haukuwa umefika upande wake. Januarius alilileta mwenyewe, akatoa na sharti. "Ukipata watoto wa kutosha, Mama Mektilda, jokofu ni lako kulitumia. Usipowapata, baada ya mavuno ninalipeleka kwa mwenye watoto." Mektilda akalipenda lile jokofu kuliko kitanda chake. Alikata utambi wake mwenyewe, alilifuta kila asubuhi, na siku Tabibu Paschal alipojaribu kupoza humo chupa yake ya maziwa alifukuzwa hadi uani.

Lakini watoto walikuwa nusu. Kila kliniki benchi moja lilijaa na la pili likabaki kukaliwa na kuku. Wanawake wenye watoto mgongoni walipita mbele ya mlango, wakasalimu kwa adabu, "Mwangaluka mayu," kisha wakaendelea na safari. Mektilda akadhani ni rangi ya ukuta, akapaka nyingine. Akadhani ni bei, akapunguza. Akadhani ni Paschal, akamnunulia koti jipya, na mzee wa watu akavaa bila kuuliza kosa lake.

Kisha kwenye kikao Januarius akasoma habari ambayo haikumchekesha mtu. Surua ilikuwa imeonekana kule ziwani, upande wa Lamadi, na wachuuzi wa samaki walikuwa wanapanda kuja huku kila siku ya mnada. Mektilda aliijua surua. Alipokuwa muuguzi mchanga aliwahi kufanya kazi kwenye wodi ya surua, na tangu hapo hakuweza kumwona mtoto mwenye macho mekundu bila kuwakumbuka mama wa watoto wa wodi ile. Chanjo ilikuwa kwenye jokofu lake, imekaa tu, na watoto walikuwa wanapita mlangoni.

Aliporudi alimwendea Justina, muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara, mwanamke aliyejua habari zote za mji kabla hazijatokea.

"Justina, niambie ukweli. Mimi ninanuka?"

"Hunuki, mayu."

"Basi kwa nini hawaji?"

Justina akageuza andazi, akacheka chini kwa chini. "Wewe si ulifungua kwa ngoma ya Bagika? Na Magese si baba yako? Na kila mtu si anajua dawa ya baba yako ya kuvuta watu ndiyo iliyomwangusha Mzee Bundala wa Bagalu mwaka ule? Sasa wewe una chupa za dawa kabati zima. Mama gani wa Kigalu atampeleka mwanae adungwe sindano na binti wa Magese? Mtoto si atalegea magoti asicheze maisha yake yote!"

Mektilda alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la mkaa. Halafu, akiwa palepale kwenye gunia, akalia.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Bundala, manju wa Bagalu. Alipokelewa vizuri, akapewa kigoda na maziwa mgando, akaeleza habari ya surua toka mwanzo hadi mwisho. Bundala alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Ng'wana wane, mwanangu, sina ugomvi na wewe. Ulimzalisha mkwe wangu Salu ukiwa bado wa serikali, na ulimzalisha vizuri. Lakini nikileta wajukuu kwako leo, kesho vijana wangu watasema nimempigia magoti Magese. Mashindano yako mlangoni. Siwezi."

"Basi njoo ucheze kwangu na Bagalu wako, nifungue upya."

"Kwenye uwanja wa binti wa Magese? Thubutu!"

Akaenda kwa baba yake, akamwomba awatangazie watu kwamba zahanati si ya Bagika. Mzee Magese hata hakuacha kukaza ngozi ya ngoma aliyokuwa nayo. "Mimi nimtangazie Bundala? Waache. Wakiugua watakuja wenyewe."

"Wakiugua, baba, nitakuwa nimechelewa."

"Mektilda, usinichanganye na ngoma zao. Nimekulea na hii." Akaigonga ile ngoma mara moja, na mazungumzo yakawa yamekwisha. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawasemi ndama wanywee wapi maziwa huku fahali wananuniana.

Ikafika siku ya mashindano. Pamba ilikuwa imeuzwa, watu walikuwa na viatu vipya na hamu ya kelele. Bagika walikaa mashariki ya uwanja, Bagalu magharibi, na katikati ukabaki utupu mpana, kwa sababu hakuna mwenye akili zake anayesimama katikati. Hapo ndipo Mektilda alipoweka meza. Aliweka kitambaa cheupe, kibebeo cha chanjo chenye barafu, na Tabibu Paschal ndani ya koti lake jipya, akitoka jasho. Januarius alikuja pia, akasimama pembeni kwa sura ya mtu aliyekuja kuhesabu hasara.

Ngoma zikaanza, mashariki na magharibi, na umati ukawa unayumba kutoka huku kwenda kule. Bagika walitoa mtu anayecheza na jembe kwenye meno. Bagalu wakamtoa kijana aliyebeba chatu, na watu wakamiminika kwao. Kila walipopita katikati waliizunguka meza ya Mektilda kama watu wanaokwepa dimbwi. Hakuna mama hata mmoja aliyesimama.

Mektilda alikuwa binti wa manju. Tangu utotoni alijua kanuni moja ya uwanja ule: watu humfuata yule anayewaonyesha ambacho hawajawahi kukiona. Jembe wameshaliona. Chatu wameshamwona. Ni nini ambacho Bariadi nzima haijawahi kukiona? Akakijua. Alimtazama baba yake kwa mbali, na manyoya kichwani na fahari yake yote, akajua kwamba huenda jioni hii hatakuwa na baba wa kumsalimia.

"Paschal, linda barafu," alisema.

Akavua viatu. Mama mnene wa miaka hamsini na kitu, na gauni jeupe la unesi na saa kifuani, akatoka katikati ya uwanja, akaenda magharibi moja kwa moja, akaingia mbele ya ngoma za Bagalu na kucheza.

Alicheza ngoma yao hasa, mabega mbele, magoti chini, kama alivyowachungulia zamani wasichana wa Kigalu wakiicheza njiani kwenda kuteka maji. Umati ulipiga ukelele. Binti wa Magese! Kwa Bagalu! Watu wa mashariki waliziacha ngoma zao wakaja mbio kuona, na watu wa magharibi hawakuamini macho yao. Naye akageuka, akirudi nyumanyuma, akacheza kuelekea katikati, na umati ukamfuata. Alipofika mezani alisimama, akapumua, kisha akaanza ngoma ya Bagika, ile ya baba yake, kwa nyayo zilezile. Ngoma mbili kwa mwili mmoja. Hakuna aliyewahi kuliona hilo, wala aliyewahi kuliota.

Mzee Magese akainua mkono. Ngoma za Bagika zikanyamaza. Kwa mshangao na za Bagalu zikanyamaza, na uwanja mzima ukabaki na kelele moja tu, pumzi za Mektilda. Baba yake alikuja akitembea polepole, umati ukimpisha. Alimwangalia binti yake toka miguu yenye vumbi hadi saa ya kifuani. Kisha akageuka upande wa pili akapaza sauti.

"Bundala! Mtoto wangu anacheza Kigalu vibaya. Wapigaji wako wamelala! Wapige vizuri, au unataka kuniaibishia binti mbele ya watu?"

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Kisha Bundala akacheka, kicheko kikubwa cha mzee aliyekuwa akikitunza miaka mingi. Akatoa ishara, na ngoma za Bagalu zikalia. Magese naye akatoa ishara. Zikalia zote, pamoja, zikielekea mezani.

Salu, yule mkwe wa Bundala, ndiye aliyetoka wa kwanza. Alimfungua mtoto mgongoni, akamtazama baba mkwe wake, naye akatazama mawingu kama mtu aliyeulizwa habari za mvua. Mtoto akadungwa, akapiga yowe, kisha akanyamaza akaanza kurusha miguu kwa kufuata ngoma.

"Hajalegea!" akapaza sauti Justina toka nyuma ya sinia lake la maandazi. "Tazameni, magoti hayo!"

Baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mtu. Mstari wa akina mama ulizunguka uwanja, Mgika nyuma ya Mgalu, ukakata mashariki na magharibi zote, mpaka wachezaji wa jembe na wa chatu wakabaki wanachezeana wenyewe kwa wenyewe. Januarius aliagiza chanjo nyingine ofisini, kisha nyingine, na mwisho akakunja mikono ya shati akaanza kushika watoto. Habari ya jokofu hakuitaja tena siku hiyo wala siku nyingine.

Jua lilipoinama, wapambe wa pande mbili walibishana nani ameshinda, na wazee wakaamua kwamba kwa kanuni za uwanja aliyevuta watu wengi ni Mektilda. "Ana dawa kali," walisema, na kwa mara ya kwanza lilikuwa neno la sifa.

Kwenye kikao kilichofuata Januarius alifunga faili lake kabla ya maelekezo, akamwambia Mektilda asimame ayatoe yeye. Mektilda akasimama. Kisha akasema, "Usifungue zahanati kwa ngoma moja."

"Na kama mtu hajui kucheza?" akauliza Marcelo.

"Utafundishwa."

Walicheka mpaka kikao kikavunjika. Lakini Mektilda alikuwa na haraka ya kurudi, kwa kuwa ilikuwa siku ya kliniki. Alikuta mabenchi yote mawili yamejaa, kuku wamehamia chini. Mwishoni mwa benchi lile lililokuwa tupu walikaa wazee wawili, Magese na Bundala, kila mmoja amempakata mjukuu wa mwenzake, wakibishana ni mtoto yupi atakayekuwa na magoti mazuri. Baba yake alimwona mlangoni, akasogea kidogo kumpisha nafasi.

"Kaa, ng'wana wane," alisema. "Siku ile ulichoka, na mimi sikukushukuru. Wabeja."