Mstari wa Rika la Mjomba

Mzungu aliyeniajiri kuwa mkalimani alikuwa akichunguza maumivu yasiyoisha: migongo, magoti na mabega yanayouma miaka nenda miaka rudi bila kidonda cha kuonekana. Tulizunguka mashamba ya kahawa ya Ruiru, kisha tukaja kwenye mkonge wa Thika. Hakuwa mtu mbaya. Ile miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, Mzungu wa kumsikiliza Mkikuyu alikuwa adimu kama maziwa ya kuku.

Mwenye shamba alikuwa ameahidi kwamba kila atakayeandikwa kuwa na maumivu ataondolewa kwenye kukata mkonge, apewe kazi ya kulinda stoo. Nilifurahi kwa ajili ya mjomba wangu, aliyekata mkonge pale tangu sijazaliwa. Wiki ile ile nilikuwa nimemkuta amelala sakafuni, mgongo umekataa, machozi yanamtoka. Aliniambia nifunge mlango kwanza, ndipo akakubali nimwinue.

Siku ya maswali, Mzungu aliwapanga wanaume kwa marika. Alikuwa amesoma mahali kwamba hiyo ndiyo heshima yetu. Msomi mzima! Waliosimama pamoja mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho hawaungami maumivu mbele ya wenzao mpaka kaburini. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema Waswahili. Wazee wale walilijua hilo, na bado wangechagua kuumbuliwa.

Ningemwambia awaite mmoja mmoja, faraghani. Sikusema. Nilikuwa kijana wa shati jeupe, nikaogopa kumsahihisha mkubwa wangu mbele ya watu.

Wa kwanza akasema haumwi. Wa pili vivyo hivyo. Mjomba alikuwa wa tano. Nilimwangalia, hakuniangalia.

"Mwambie mimi hakuna mahali naumwa," akasema, kifua mbele. "Mimi niko sawa kabisa."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mpaka leo nauchukia ulimi wangu kwa hilo.

Jioni nilipewa ripoti niipige taipu. Ilisema kwamba watu hawa pengine wameumbwa wasisikie maumivu kama wengine. Niliipiga yote bila kukosea hata herufi moja.

Mjomba alirudi kukata mkonge. Kabla masika hayajaisha, miguu yake ilikufa ganzi, akabebwa hadi nyumbani kwa machela ya magunia. Hakutembea tena. Nilipokwenda kumwona, wenzake wa rika walikuwa wamemzunguka kitandani. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, lakini yeye akanitangulia.

"Huyu mpwa wangu ni mwanaume," aliwaambia. "Alijua yote, na hakuniaibisha."

Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja wao akainuka polepole, akanisogezea kigoda chake, akabaki amesimama ukutani, mkono umeshika kiuno, akitabasamu.