Tulimpumzisha mama mifupa ipone, kumbe ndiyo tulikuwa tunaimaliza

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yametokea nyumbani kwetu Marangu, na mama mwenyewe kanipa ruhusa ya kuyaandika, kwa sharti nisitaje umri wake. Asiyeamini aje, mtori wa ndizi upo.

Mimi ni kitinda mimba. Kwetu Wachagga mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo naishi na mama kihambani, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba na kahawa.

Kaka na dada wako Dar. Wao wanatoa amri kwenye grupu la WhatsApp, mimi natekeleza.

Masika iliyopita mama aliteleza akitoka kukata majani ya ng'ombe. Akaweka mkono chini ajizuie, mfupa ukavunjika karibu na kiganja. Tukashuka Moshi mjini, akafungwa POP, ile plasta ngumu.

Sasa hapo ndipo mapenzi yalipotuponza.

Kaka mkubwa akaandika: "Mama asishike hata ufagio." Dada akatuma kiti kile cha kuegemea chenye sehemu ya miguu. Ng'ombe tukampeleka kwa jirani, Mama Aneth, amtunze. Mimi nikapewa kazi ya kuchemsha supu ya mifupa kila asubuhi, maana ukoo mzima uliamini mfupa unajengwa na mfupa.

POP ilitolewa. Amri haikutolewa.

Miezi ikaenda. Mama akawa hainuki kwenye kiti bila kushika meza, mgongo unauma, kucheka hacheki. Kaka akahitimisha kwamba Krismasi akija anamchukua akaishi naye Dar, ghorofani, kwa sababu Marangu ni milima mitupu.

 Jioni mama akaniuliza tu, "Huko ghorofani nitaamkia nini?"

Wakuu, iliniuma sana.

Nikampeleka kwa daktari wa mifupa. Binti mdogo tu. Akatoa shikamoo, kisha akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Kukaa," mama akajibu. "Wameniajiri watoto."

Daktari alicheka, halafu akatuchorea mfupa kwenye karatasi. Mimi siku zote nilijua mfupa ni kama nguzo, ukishasimama umesimama. Kumbe uko hai! Ndani kuna seli zinazobomoa mfupa uliochakaa, na nyingine zinazojenga mpya, na kazi hiyo haiishi mpaka tunakufa. Mwanamke akishakoma hedhi, wabomoaji wanawazidi wajenzi kasi, mfupa unabaki na matundu.

Halafu kuna seli za tatu, na hizi ndizo zilizonishangaza. Zimejifukia humo humo ndani ya mfupa, zinasikilizia uzito. Ukitembea au ukibeba kitu, zinatoa taarifa kwamba hapa panatumika, jengeni. Ukikaa kutwa, zinaona hakuna haja, wabomoaji wanaachiwa uwanja.

"Na supu?" nikauliza.

"Supu mnywe, ni tamu. Lakini peke yake haimsimamishi mtu."

Mama aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau.

Vipimo vikaonyesha kweli mifupa imepungua. Akapewa dawa ya kuwapunguza kasi wabomoaji, akaambiwa maziwa, dagaa, jua, na kutembea. Mzigo mwepesi wa mikononi ruksa, wa kichwani marufuku.

Tuliporudi Marangu hakupitia hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Aneth kumchukua ng'ombe wake.

Nikaandika kwenye grupu. Kaka akaja juu, eti daktari gani huyo anayemtuma bibi kukata majani! Nikamwacha aje aone mwenyewe.

Ikawa kila asubuhi tunateremka shambani, mimi nabeba fungu kubwa, mama vifungu viwili vidogo mikononi. Mwanzoni alikuwa anapumzika kila mgomba. Baadaye akawa yeye ndiye ananisubiri mimi.

Krismasi kaka akafika, kitambi mbele, siti ya mama kwenye gari ameshaiandaa na mto wa mgongo. Hakutukuta ndani, akateremka shambani. Akatukuta tunapandisha. Akakimbilia kumpokea mama majani.

Mama akamkwepa, akamwonyesha fungu langu.

"Beba lile. Wajenzi wako wamelala."

Kaka akabeba. Alipofika bandani alikuwa hoi, na mama anamcheka mpaka anafuta machozi. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu aanguke, na mimi nikajikuta nafuta yangu.

Kaka akakaa juu ya ndoo, akavuta pumzi, akasema, "Mama, wewe baki tu."

Wakuu, nilichojifunza: mzee wako akivunjika, usimuulize daktari dawa tu. Muulize na lini aanze kazi tena, na kazi gani, maana kila mwili na hali yake. Sisi tulikuwa tunammaliza mama huku tunampenda.

Mliouguza wazazi wenye mifupa dhaifu, karibuni mtupe uzoefu, hasa wenye wazee wabishi kama huyu wangu.

Kaka alisharudi Dar. Kwenye siti ya mama ulikaa mkungu wa ndizi, umefungwa mkanda.